Sauti ya Nne

Husemwa ya kale hayanuki.
Kinanda hiki kinanuka: vumbi lililoungua,
sigara za mtu aliyekwisha kufa,
na chini kabisa, Oreste alipofungua kifuniko,
harufu niliyorudi nayo nyumbani miaka tisa
kwenye nywele, kwenye mkate, kwenye shingo ya mwanangu:
risasi ya kulehemu.

Sikumwambia. Nilikuja kununua, si kusimulia.
Kiinua mgongo changu kilikuwa ndani ya bahasha
na mgongo wenyewe haujainuka.

Sintesaiza mbili, ubavu kwa ubavu,
katika karakana nyuma ya stesheni ya Ancona.
Kushoto, kinanda cha mwaka themanini na mbili,
mbavu za mbao, kilo ishirini na nane,
kinachotaka nusu saa ya kupata moto kabla ya kukubali kusema;
na kikisema, kati ya sauti zake sita
tano hufika pamoja
na ya nne huja baadaye, imepanda kidogo,
kama mtu aliyechelewa misa akijifanya alikuwepo.

Kulia, kipya. Cha mwaka jana.
Ni analogia kwelikweli, Oreste aliapa,
umeme unaopanda na kushuka, si hesabu za kompyuta;
ila hujilinganisha chenyewe ukibonyeza mara moja,
hukumbuka milio mia tano,
na kikiugua unakituma kwa posta, kinarudi kizima.
Kipya kinyemi, nikasema moyoni.
Kidonda chake sikukiona.

“Fumba macho, Sinyora Zelinda.”
Akapiga huku, akapiga kule.
Watu husifu joto la vinanda vya kale.
Ni kweli, weka kiganja juu yake utaungua.
Mimi nilikitambua kwa yule mchelewaji.

Kiwandani tulikuwa wanawake kumi na wanne benchi moja.
Kinanda kimoja, mishahara yetu ya miezi kumi na mmoja.
Hakuna aliyejua kukipiga.
Jioni mhandisi aliminya vibonye kimoja kimoja,
akatikisa kichwa kuwa sawa, tukafuata mabaiskeli yetu.
Ubao wa kwanza hadi wa tatu, Norina.
Wa nne hadi wa sita, mimi.

Nikavaa miwani.
Pale, mguu wa tatu wa chipu,
tone la kijivu lisilong'aa,
lenye ufa mwembamba kama unywele.
Nililiharakisha. Ijumaa, labda.
Labda mtoto alikuwa na homa.
Miaka arobaini watu wamelaumu unyevu,
wamelaumu umeme wa Italia, wamebadilisha transista zisizo na kosa,
kumbe ni mimi.

“Nipe chuma chako.”
Oreste akanitazama kama anayeombwa gari na mtoto.
Akanipa.
Mkono wangu hutetemeka nikishika kijiko cha supu.
Pale haukutetemeka. Sekunde mbili,
uzi wa moshi, basi.

Tukangoja nusu saa. Tukanywa kahawa, akazungumzia magoti yake.
Kisha nikashusha vidole sita
zikaja sita.

Akanyamaza kitambo.
Halafu akapandisha bei,
pale pale, kwa euro mia saba.

Nilicheka mpaka nikatafuta kiti.
Nikanunua kipya.
Deni langu kwa cha kale nimelilipa;
atakayekichukua akichukue kikiwa kizima,
asijue, wala asinishukuru.

Sasa kiko mezani palipokuwa cherehani.
Sijui kukipiga bado. Jirani wa chini anajua kwamba sijui.
Upande wa kushoto kina kifundo kidogo cha kuzungusha
kilichoandikwa neno lenye maana ya uzee:
ukikikoleza, sauti huanza kuyumba, kupishana, kuchelewa,
kama zimelala ghalani nusu karne.
Nasikia vijana hulipia zaidi kwa ajili ya hilo.

Nimekirudisha hadi sifuri.
Uzee wa nyumba hii ninao mimi,
na unatosha.